Katibu na Muuza Barafu

Kabla hajahama, ukikutana na Katibu ndani ya lile jumba la maduka la Roseville, karibu na Minneapolis, ujue siku yako imekwisha. Umebeba mifuko mikono yote miwili, kuku wa kugandishwa anaanza kudondosha maji, na yeye amekushika kiwiko anakueleza habari za fundi bomba wa Duluth aliyecheza futiboli ya Kimarekani Jumapili, na Jumatatu akarudi kuziba mabomba mbavu mbili zikiwa zimevunjika. "Mbavu mbili, mwanangu," anasema, macho yamemtoka kama vile zimevunjika leo asubuhi. "Na Jumapili iliyofuata akacheza tena." Kumwambia una haraka hakusaidii. Mimi nilijaribu mara moja, akanisindikiza hadi kwenye gari na kumalizia kisa chake dirishani, injini inanguruma, theluji inamwangukia kofiani.

Nimemjua kwa miaka kumi na saba. Nilipofika hapa alikuwa katibu wa ushirika wetu wa Kiswahili kanisani, na alipoacha cheo tuliendelea kumwita hivyo hivyo, maana hakuna aliyeweza kufikiria jina jingine lingemkaa. Kwa utaratibu wake mwenyewe ningetakiwa kuanza na alikozaliwa, wazazi wake ni akina nani, na yeye ni wa ngapi kuzaliwa. Sianzi huko. Ameshawaandikia watu wengi mno mambo hayo, na mimi ninachokumbuka kwanza ni kicheko chake, kilichoanzia mabegani na kufika mdomoni kimechelewa.

Nilisema ameshawaandikia watu. Kwetu, mtu akifa ugenini shughuli ni nyingi. Kuna vibali, kuna ndege, kuna ndugu waliogombana miaka sita wanakutana kwenye sebule moja na sahani za pilau mikononi. Na kabla mwili haujasafirishwa, lazima mtu asimame kanisani asome wasifu wa marehemu. Hiyo ilikuwa kazi ya Katibu. Alifika msibani na faili jeusi, akaketi karibu na mfiwa, akaanza kuuliza. Hakutaka kuambiwa kwamba marehemu alikuwa mcheshi, mkarimu na mpenda watu. "Wakishakufa wote huwa wacheshi," alisema. Alitaka kujua marehemu aliamka saa ngapi kwenda kazini, aliendesha gari gani, chakula gani alikikataa hadi mwisho. Zaidi ya yote alitaka kujua kazi. Kazi zote, hata zile za wiki mbili.

Kulikuwa na msiba mmoja ambapo watoto walitaka iandikwe kwamba baba yao alikuwa meneja wa usafirishaji. Katibu akauliza, "Aliendesha lori au hakuendesha?" Wakasema aliendesha, lakini. Hakusubiri kilichofuata baada ya lakini. Siku ya ibada akasoma jinsi marehemu alivyoendesha lori kutoka hapa hadi Dakota Kaskazini katika dhoruba ambayo polisi wenyewe waliikimbia, akataja barabara moja moja, vituo vya mafuta, chupa ya chai aliyoiweka mapajani. Wale watoto waliokuwa wanaona aibu ndio waliolia kwa sauti kuliko wote, na baadaye kila mmoja akaomba nakala.

Yeye mwenyewe alifanya kazi Fridley, kwenye kiwanda cha vifaa vya hospitali. Alikuwa mkaguzi. Siku nzima alitazama kwa hadubini vipande vidogo kuliko punje ya mchele, akitafuta mkwaruzo. Nadhani kazi hiyo ilimharibu, kwa maana nzuri. Hakuweza kupita kitu kidogo bila kuinama.

Ndiyo maana akawa na lile faili la pili, la kahawia. Namna alivyolianza alinisimulia mara tatu, na mara zote tatu kisa kilikuwa tofauti. Mara alisema alikuwa amejificha baridi maktabani. Mara alisema mfanyakazi mwenzake alimtania kwamba hajui lolote kuhusu futiboli. Kinacholingana ni hiki: alifungua kitabu kikubwa cha kumbukumbu za wachezaji wa kwanza wa kulipwa, wale wa miaka ile ligi kubwa inazaliwa, akakuta majina yamepangwa kama majina ya wanafunzi kwenye daftari la mahudhurio. Jina, timu, mchezo mmoja. Jina, timu, michezo miwili. Basi.

"Mtu mzima," aliniambia, sauti imepanda hadi watu kwenye ukumbi wa chai wakageuka. "Ana mama yake, ana meno yake, ameng'olewa mawili mbele ya watu. Wamempa mstari mmoja."

Akaanza kuwaandikia wasifu, mmoja mmoja, kwa mtindo ule ule wa msibani. Alichimba magazeti ya zamani, vitabu vya anwani za mji, rejista za makanisa. Nami, ambaye hadi leo sielewi kwa nini mpira unaobebwa mikononi umepewa jina la miguu, nikajikuta nasubiri Jumapili nijue amempata nani. Alikuwa anakuja anakimbia. Mzee wa miaka sabini anakimbia kwenye maegesho ya kanisa, juu ya barafu, karatasi mkononi. "Nimempata mchinja ng'ombe," anasema. Au, "Nimempata yule mwashi." Walikuwa wachinja ng'ombe, waashi, watu wa reli, polisi. Walivaa kofia za ngozi laini, wengine hawakuvaa kitu. Mtu yule yule alishambulia na kulinda, hakuna kupumzika. Timu ilivunjika katikati ya msimu, mchezaji akapanda treni kwenda mji wa pili kutafuta nyingine. Wengine walicheza kwa majina ya uongo, maana chuo kilikataza au nyumbani walikataza.

"Sasa hao ni nani kama si sisi?" Katibu aliuliza, mabega yameshaanza kucheka. "Kazi mbili, karatasi zenye jina la mwingine, na mgongo unauma."

Ungedhani mtu wa namna hiyo hawezi kukosa mechi. Alikosa zote. Jumapili timu yetu ya jezi za zambarau inapocheza na mji mzima umeganda mbele ya televisheni, yeye alikwenda kununua mchele kwa sababu hakukuwa na foleni. Wachezaji wa leo hakuwajua hata mmoja. "Hao wana watu wa kuwaandika," alisema, na akakasirika kidogo ulipoendelea kumuuliza. Na baridi aliiogopa kuliko mtu yeyote niliyemjua hapa. Alivaa suruali mbili, na chini ya koti alijifunga kanga ya mke wake kiunoni. Lakini mwezi wa kwanza, theluji imefika magotini, ungemkuta makaburini Saint Paul na brashi ya kufagilia gari, anafuta jiwe baada ya jiwe akimtafuta mtu aliyecheza michezo miwili tu. Sasa daktari amemkataza baridi kabisa na amehamia Texas kwa binti yake. Ananipigia Jumapili. Anasema Texas kuna makaburi mengi mazuri.

Ila ninachotaka kukieleza hasa ni habari ya Bi Doroti, maana hapo ndipo nilipomjua Katibu vizuri, na hapo ndipo nilipojijua na mimi.

Bi Doroti alikuwa na miaka tisini na sita, kwenye nyumba ya wazee ninayofanyia kazi ya uuguzi, Roseville. Mwembamba, mkali, anajua siku, anajua rais, anajua nani amemwibia biskuti. Lakini kila nilipompa dawa alinisimulia jambo moja: baba yake alikuwa muuza barafu, alikata barafu ziwani majira ya baridi na kuipeleka nyumba kwa nyumba kiangazi, na Jumapili alicheza futiboli ya kulipwa, Minneapolis, miaka ile ya mwanzo kabisa. Siku moja nikatafuta jina la baba yake kwenye simu. Hakuna. Nikatafuta kwenye orodha ya wachezaji wote wa zamani. Hakuna. Nami, bila kufikiri mara mbili, nikaandika kwenye taarifa zake kwamba mgonjwa anasimulia mambo ambayo hayakutokea.

Sentensi moja. Msimamizi wetu akaisoma, akaongeza zake. Mwanawe, Glen, mstaafu anayeishi Bloomington, akasema naye amekisikia kisa hicho tangu utotoni na hakuna picha wala karatasi. Wakakubaliana kwamba akili ya Bi Doroti inaanza kuondoka, na kwamba mwisho wa mwezi atahamishiwa upande wa pili, kule mlango unakofunguliwa kwa namba ambazo wagonjwa hawapewi. Bi Doroti alijua. Aliniuliza, "Huko dirisha linatazama nini?" Linatazama ukuta. Nikamwambia sikumbuki.

Nilimweleza Katibu baada ya ibada, nikiwa na kikombe cha chai, kama mtu anayesimulia kisa cha kazini. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akaweka kikombe chake chini.

"Wewe ndiye uliyeandika kwamba ni uongo?"

"Shikamoo zako zote nitakupa, Katibu, ila usinitazame hivyo. Nilitafuta jina. Halipo."

"Ulimtafuta nani?"

"Baba yake. Kwa jina lake."

"Umemwandika mtu na hujamhoji," alisema, polepole, na nikaona aibu. Hakuwa amewahi kunigombeza kabla ya siku hiyo. "Kesho nakuja."

Alikuja, suruali mbili, faili la kahawia. Akamsalimu Bi Doroti kwa kuinama na kumshika mkono kwa mikono yote miwili, kama anavyowasalimu mama zetu, akaketi kwenye kiti cha chini kuliko kitanda. Mimi nilidhani ataanza na futiboli. Hakugusa futiboli. Aliuliza baba alikuwa anakula nini asubuhi. Aliuliza kuhusu farasi wa gari la barafu. Halafu akauliza kile anachouliza kila msiba kabla ya kingine chochote, ambacho mimi nisingeuliza hata mwaka mzima: "Mama yake baba yako, alitoka kwa watu gani?"

Bi Doroti akataja ukoo wa bibi yake, jina refu la Kinorwe. Katibu akaandika.

"Na baba yake baba yako, kazi gani?"

"Mchungaji. Wa Kilutheri. Mkali kama wembe. Jumapili kwake hata kupiga mluzi ilikuwa dhambi."

Nje kwenye korido alinikamata kiwiko. "Mtoto wa mchungaji, anacheza Jumapili. Atatumia jina la nyumbani? Hawezi. Atajificha wapi? Kwa wajomba. Sisi wote tungejificha kwa wajomba." Akafungua kitabu chake palepale, akapitisha kidole. Jina la Kinorwe lilikuwepo. Minneapolis. Michezo mitatu. Mstari mmoja.

Lakini Katibu hakuridhika, kwa sababu jina peke yake ni jina tu. Akaenda kwenye maktaba ya kumbukumbu Saint Paul, akakaa siku tatu kwenye mashine ya kusomea magazeti ya zamani. Siku ya tatu alinipigia nikiwa kwenye mapumziko, ananong'ona na kupiga kelele kwa wakati mmoja. Amepata picha ya timu. Wamepanga mstari, mikono wameikunja vifuani, wote isipokuwa mmoja. Huyo mmoja, mwenye jina la Kinorwe, ameficha mkono wa kushoto nyuma ya mgongo. Na chini gazeti linamtaja kama muuza barafu anayedaka vizuri kuliko wenzake ingawa msumeno umemwachia vidole vinane.

Nilirudi chumbani kwa Bi Doroti nikitembea kwa kujikaza nisikimbie. Ukutani kuna picha ya harusi ya wazazi wake. Nimeifuta vumbi mara ngapi, Mungu ndiye anayejua. Bwana harusi amesimama wima, mkono wa kulia kwenye bega la mkewe, wa kushoto nyuma ya mgongo.

"Alificha mkono kwenye kila picha," Bi Doroti alisema nilipomuuliza. "Nilishakuambia. Hukuwa unasikiliza."

Nikafuta sentensi yangu, nikaandika nyingine, nikampelekea msimamizi. Msimamizi akasema uamuzi ni wa familia. Nikampigia Glen. Alikuwa mpole na amechoka. Akasema mtu yeyote anaweza kuficha mkono, na kwamba Jumamosi anakuja kutia sahihi karatasi za kuhamisha.

"Vizuri," alisema Katibu. "Jumamosi nitamsomea wasifu. Mbele ya mwanawe, mbele ya mkubwa wako. Watu wanne, chumbani, dakika kumi."

Hapa sasa inabidi nieleze kosa, kosa ambalo ni sisi tu tungeweza kulifanya. Katibu alikuwa anajua kuandika tangazo la aina moja tu. Maisha yake yote alianza na "Kwa masikitiko makubwa," akamaliza na mahali na saa. Akaniandikia ujumbe kwa mtindo huo huo: kwa masikitiko makubwa, wasifu wa marehemu, baba mzazi wa mama yetu Doroti anayetunzwa na dada yetu, utasomwa Jumamosi saa nane mchana, Roseville, na anwani. Ila hakuutuma kwangu. Aliutuma kwenye grupu la kanisa.

Na watu wetu wakiona "kwa masikitiko" hawasomi zaidi. Wanauliza nani anapika.

Jumamosi saa saba na nusu nilisikia mlango mkubwa unafunguliwa na kufungwa, unafunguliwa na kufungwa. Nikatoka. Mapokezi yalikuwa yamejaa. Kina mama wamejifunga vitenge, wanaume wamevaa makoti meusi, sufuria zimefunikwa kwa taulo, na mbele yao Mama Kelvin, mwenyekiti wa kina mama, Mkenya asiyejua kurudi nyuma.

"Pole sana my dear," akanikumbatia. "Mfiwa ako wapi?"

"Mama Kelvin, nani amefiwa?"

"Si Katibu ameandika? Babake Doroti. Mimi nime-swap shift, nika-drive from Brooklyn Park na chapo hamsini kwa boot ya gari." Niliona anapiga hesabu. "Wait. Huyu Doroti ana miaka ngapi?"

"Tisini na sita."

"Na babake amekufa lini?"

"Zamani sana, Mama Kelvin."

Akageuka akatazama watu arobaini nyuma yake, akatazama sufuria, akanirudia mimi. "Sasa hatuwezi rudi na chakula," akasema. "Msiba ni msiba. Huyu mama alihaniwa, alipewa pole?"

Nikasema sijui. Sidhani.

"Basi tumechelewa tu."

Katibu aliingia wakati huo, akaona umati, akatoa simu mfukoni, akasoma, akafumba macho. Nilidhani ataanguka. Msimamizi wetu alikuwa ameshatoka ofisini, Glen ameingia na kalamu yake, na kina mama wameshaanza kuimba, kwa sauti ya chini, ile ya kuingia nyumba yenye huzuni. Hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kuwazuia. Tukahamia ukumbi wa kulia chakula. Nikamleta Bi Doroti kwenye kiti chake cha magurudumu, na mmoja baada ya mwingine wakapita, wakamshika mkono, wakamwambia pole. Alinitazama.

"Wanasema wanasikitika kuhusu baba yako," nikamwambia.

"Wote hawa?"

"Wote."

Akaanza kulia bila sauti, na akaendelea kutoa mkono.

Katibu alisimama. Hakuwa na la kufanya ila kusoma. Alisoma kwa Kiingereza, lakini kwa mwendo wetu, ule wa kanisani, na nyuma kina mama walitafsiriana. Alimsoma muuza barafu tangu kuzaliwa, kwa majina yake yote mawili. Alieleza barafu inavyokatwa na vidole vinavyopotea. Alieleza michezo mitatu, mmoja mmoja, hali ya hewa, matope, nani alibebwa kutoka. Picha mbili zikapitishwa mkono kwa mkono, ya timu na ya harusi, na zilipomfikia Glen alizishika muda mrefu, ya kulia, ya kushoto, ya kulia tena. Alikuwa mtu wa miaka sabini na uso wake ulikuwa wa mtoto aliyekutwa na kosa.

"Aliacha kucheza baada ya kuumia goti," Katibu akasoma.

"Hapana," akasema Bi Doroti.

Nikakunja vidole vya miguu ndani ya viatu. Katibu hakuwa amewahi kukubali kukatishwa akisoma. Mjane mmoja aliwahi kumwambia katikati ya ibada kwamba mumewe alipenda chai, si kahawa, na Katibu akamjibu, "Nimeandika kahawa," akaendelea, kwa kuwa alikuwa na mashahidi watatu.

"Gazeti linasema goti," Katibu akamwambia, kwa upole.

"Gazeti liliambiwa hivyo. Babu yangu aligundua. Mchungaji. Jumapili moja akatoka madhabahuni, akaenda uwanjani na koti lake jeusi, akasimama kwenye uzio. Baba alidhani atamburuta mbele za watu. Hakusema neno. Alitazama hadi mwisho. Jumapili iliyofuata akarudi. Na iliyofuata. Alikuwa ameupenda. Waumini wakaanza kunung'unika, wakataka kumwondoa kanisani. Ndipo baba akaacha, ili babu asipoteze mimbari. Goti lake lilikuwa zima. Alicheza nami dansi kwenye harusi yangu, na goti lilikuwa zima."

Kina mama wakatafsiriana, na mguno ukaenda ukumbi mzima, kwa sababu hapakuwa na mtu pale asiyejua waumini wanavyoweza kunung'unika. Mama Kelvin alikuwa anajifuta macho kwa taulo la sufuria.

"Mama," Glen akasema. "Hilo hujawahi kuniambia."

"Uliacha kuniuliza."

Glen akasimama, akamwendea msimamizi, akamrudishia karatasi zake bila sahihi, na akasema kwa sauti tuliyoisikia sote kwamba mama yake habadilishwi chumba. Kisha akavuta kiti akakiweka karibu na ule wa magurudumu, akaketi, akamshika mama yake mkono.

Nami nikamtazama Katibu. Nilimwogopea. Alikuwa amesimama peke yake mbele ya watu, na karatasi yenye kosa mkononi, aliyoiandika kwa siku tatu za macho yake mwenyewe. Mabega yake yakaanza kutikisika. Nikadhani analia, kumbe ni kicheko kinapanda. Miaka yote aliwasoma wachezaji hao kutoka kwenye mstari mmoja, na leo mtu aliyemjua mmoja wao amemwambia hapana.

Akachomoa kalamu, akakata sentensi ya goti kwa mstari mmoja ulionyooka, akageuza karatasi upande mweupe. Akapiga goti sakafuni mbele ya kiti cha Bi Doroti, na suruali zake mbili, karatasi juu ya paja.

"Koti la babu," akasema. "Lilikuwa na vifungo vya aina gani? Polepole, mama. Naandika."